Mizani ya Kliniki Yatupima Sisi Sote

Kabla jua halijapanda sana juu ya ghuba ya Lindi, akina mama wa kata ya Rasbura huwa wamekwisha kushika njia ya kliniki. Mmoja ana mimba ya miezi minne, wa pili ya minane, wa tatu amempakata mtoto wa siku chache aliyefunikwa khanga. Kila mmoja anayo kadi yake mkononi. Mwenye mimba hupanda juu ya mizani, uzito wake ukaandikwa. Mtoto huvuliwa nguo akalazwa katika mizani yake ndogo, na wote walio karibu hunyamaza kidogo wakingojea kusikia. Muuguzi akisema kilo tatu, mama hutabasamu. Akisema kilo mbili na kidogo, shingo hugeuka na minong'ono huanza.

Minong'ono hiyo twaijua, kwa maana si ya Rasbura tu. "Huyu alikuwa mvivu wa kula." "Huyu hakusikia maneno ya wakwe zake." "Huyu ametupiwa jicho." Mama hukaa kimya, akamvika mwanawe nguo, akarudi nyumbani na aibu ambayo hakuitafuta. Mumewe hayupo pale kuyasikia maneno hayo. Yuko pwani, au kazini, au barazani na wenzake, na pengine sigara iko mkononi.

Leo twapenda kusema neno moja mbele ya wanachama na wafanyakazi wasomao gazeti hili. Mizani ile haimpimi mama peke yake, wala mtoto peke yake. Yapima chungu cha nyumba ile, na moshi wa nyumba ile, na mzigo aliotwishwa mwenye mimba, na yule aliyemtwisha. Kwa kifupi, yatupima sisi sote. Na mtu asidhani ya kuwa tunasema hivi kwa kutia chumvi, maana wataalamu wamekwisha kuyapima mambo hayo moja moja, kwa gramu.

Kilo mbili na nusu

Yafaa kwanza tujue mpaka uko wapi. Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa mtoto aliyezaliwa na uzito ulio chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, amezaliwa na uzito pungufu. Katika mwaka 2020 peke yake watoto wa namna hiyo duniani walikadiriwa kuwa milioni 19.8, maana yake katika kila watoto 100 waliozaliwa, karibu 15 walikuwa chini ya mpaka.

Wengine huzaliwa wepesi kwa sababu wamezaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Wengine wametimiza miezi yote, lakini tumboni hawakupata riziki ya kutosha. Wote wawili huja duniani bila akiba. Mtoto wa namna hiyo hupoa upesi, hushikwa na maradhi upesi, na nguvu ya kunyonya huwa haba. Wengi wa watoto wanaokufa katika mwezi wa kwanza wa maisha ni hawa. Tena, tangu miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza, wakiongozwa na David Barker, walionyesha ya kuwa aliyezaliwa mwepesi huwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu na kisukari atakapokuwa mtu mzima. Basi deni lililokopwa tumboni laweza kudaiwa baada ya miaka hamsini.

Habari ya sigara

Katika mwaka 1957 mtafiti mmoja wa Marekani, Winea Simpson, alitangaza matokeo ya kazi aliyoifanya katika jimbo la California. Aliwauliza wanawake zaidi ya 7,000 waliojifungua kama walikuwa wakivuta sigara, akatazama uzito wa watoto wao. Akaona ya kuwa wavutaji walizaa watoto wepesi takriban mara mbili ya wasiovuta, na kadiri sigara zilivyozidi kwa siku, ndivyo watoto wepesi walivyozidi.

Watu wengi walibisha, wakisema pengine ni tabia nyingine za wavutaji. Ndipo Waingereza walipotazama habari za watoto wapatao 17,000 waliozaliwa katika juma moja la mwezi wa Machi 1958, katika nchi yao nzima. Hesabu iliyotolewa mwaka 1972 ilionyesha ya kuwa mwanamke aliyeendelea kuvuta baada ya mwezi wa nne wa mimba alizaa mtoto aliyepungua gramu 170 kwa wastani, na hatari ya mtoto kufa karibu na kuzaliwa iliongezeka kwa asilimia 28. Lakini mwanamke aliyeacha kabla ya mwezi wa nne alizaa mtoto sawa na wa asiyevuta. Habari hii ya mwisho ni njema, nayo yapasa itangazwe kila mahali: kuacha mapema huokoa.

Jinsi moshi unavyofanya kazi hiyo si siri. Moshi wa tumbaku una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo huing'ang'ania damu kwa nguvu kuliko hewa safi, hata damu ikafika kwa mtoto na nafasi yake imekwisha kukaliwa. Nayo nikotini huibana mishipa, hata damu iendayo kwenye kondo la nyuma, lile limpalo mtoto chakula, ikapungua. Mtoto hana mlango mwingine. Mlango huo ukibanwa, hupungukiwa chakula na pumzi kwa pamoja.

Gramu 170 au 200 ni kitu gani? Mwenye duka atakuambia ni pungufu ya robo kilo ya sukari. Kwa mtoto wa kilo tatu na nusu, upungufu huo hauonekani kwa macho. Lakini kwa mtoto ambaye angezaliwa na gramu 2,600, gramu hizo ndizo zimshushazo chini ya mpaka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi twaongeza ya kuwa haba na haba hukipunguza vilevile.

Lakini wanawake wetu hawavuti

Msomaji wa Rasbura atasema, "Habari hizi ni za Wazungu. Mke wangu hajapata kushika sigara." Atakuwa amesema kweli nusu. Mwaka 1987 daktari mmoja wa Kanada, Michael Kramer, alizikusanya tafiti nyingi za dunia, akatenganisha sababu kwa nchi. Katika nchi tajiri, kubwa kupita zote ilikuwa sigara ya mama. Katika nchi kama zetu, zilizotangulia ni lishe duni wakati wa mimba, wembamba wa mama kabla ya kushika mimba, ufupi wa kimo, na malaria. Kwa hiyo ni kweli ya kuwa adui mkubwa wa mtoto wa Rasbura ni chungu kisichojaa, naye mbu. Hayo tutayarudia.

Hata hivyo sigara haijapewa ruhusa ya kutoka mahakamani. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha ya kuwa katika kila wanaume 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi, karibu 15 hutumia tumbaku, na katika wanawake 100 ni 3 tu. Basi moshi upo, ila mwenye kuuwasha ni mwanamume na mwenye kuumeza pamoja naye ni mkewe. Wataalamu waliozijumlisha tafiti za nchi nyingi wamekuta ya kuwa mwanamke asiyevuta, lakini akaaye katika moshi wa wengine, huzaa mtoto aliyepungua gramu 30 na zaidi kwa wastani. Nazo ni gramu ambazo mama hakuzichagua.

Nasi tunaoandika haya si watakatifu. Tumewahi kuketi sebuleni, sigara mkononi, na mwenye mimba yu kando yetu akitutilia chai, tukadhani ya kuwa tumefanya uungwana kwa kuupuliza moshi upande wa dirisha. Dirisha halikujua uungwana wetu, na moshi ulirudi.

Tena kuna tumbaku isiyowashwa. Katika mwambao wetu wako akina mama, hasa watu wazima, watiao kipande cha tumbaku katika tambuu, na wako wanusao ugoro. Wengi hudhani ya kuwa pasipo moshi hapana madhara. Haiko hivyo. Katika mji wa Mumbai, India, wanawake waliotumia tumbaku ya kutafuna na kupaka walichunguzwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha ya kuwa watoto wao walipungua gramu 105 kwa wastani, na mimba zao zilipungua siku sita. Nikotini haiulizi imeingia kwa mlango gani. Basi bibi ampaye mkwewe mwenye mimba tambuu yenye tumbaku ili kutuliza kichefuchefu, na ajue ampa nini.

Moshi wa mafiga

Kuna moshi mwingine ambao mwanamke wa kusini ameuzoea tangu utoto, nao ni wa kuni na mkaa. Huko Zimbabwe ilionekana, katika hesabu iliyotolewa mwaka 2004, ya kuwa watoto wa mama waliopikia kuni na mabua walikuwa wepesi kwa gramu 175 kuliko wa mama waliopikia umeme au gesi. Huko Guatemala tofauti ilikuwa gramu 63.

Hapa yatubidi kusema kweli yote. Hivi karibuni jaribio kubwa lilifanywa katika nchi nne, Guatemala, India, Peru na Rwanda. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa majiko ya gesi na gesi yenyewe bila malipo, na la pili likaendelea na kuni. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: moshi nyumbani ulipungua sana, lakini uzito wa watoto wa mafungu hayo mawili ulikuwa karibu sawa. Twajifunza nini? Twajifunza ya kuwa jiko si hirizi. Aliyepewa jiko mimba ikiwa imekwisha kukua, na ambaye chungu chake bado ni kile kile, jiko peke yake halimwongezei mtoto nyama. Walakini moshi wa jikoni bado waharibu mapafu ya mama na ya watoto wake wachanga, na sababu hiyo moja yatosha kumtoa mwenye mimba katika jiko lisilo na dirisha.

Nasi watu wa kusini tunao moshi wetu mahsusi. Korosho mbichi hukaangwa juu ya moto wa wazi katika karai au bati kuukuu kabla ya kubanguliwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi, na yakishika moto hutoa moshi mzito mweusi uwashao macho na kukaba koo. Kazi hiyo majumbani hufanywa na nani? Na wanawake, mara nyingi mwenye mimba akiwa amechuchumaa mbele ya moto na kijiti mkononi. Twasema wazi ya kuwa kazi hiyo, kwa miezi ile tisa, na ishikwe na mwanamume. Korosho hazitauliza nani amezikaanga.

Uzito wa mama

Sasa turudi kwenye jambo kubwa. Mwanamke akishika mimba akiwa mwembamba sana, na katika mimba asiongezeke, mtoto wake huwa katika hatari ya kuzaliwa mwepesi. Wataalamu hushauri ya kuwa mwanamke mwenye mwili wa kadiri aongezeke kilo 11.5 hadi 16 katika mimba nzima, na aliye mwembamba aongezeke zaidi, kilo 12.5 hadi 18. Ndiyo sababu muuguzi hampimi mara moja tu. Mstari wa uzito ukikaa mahali pamoja miezi miwili, mstari huo walia kwa niaba ya mtoto.

Dunia ilijifunza habari hii kwa uchungu. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kisifike katika miji ya magharibi ya Uholanzi. Wanawake walioshikwa na njaa hiyo katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungua gramu 300 hivi. Waingereza, katika vita hivyo hivyo, walifanya akili: tangu 1940 waliwapa wajawazito maziwa kwa bei ya chini au bure, kisha wakaongeza maji ya machungwa na mafuta ya samaki. Ijapokuwa taifa lilikuwa katika mgao wa chakula, mwenye mimba aliwekwa mbele ya foleni.

Na hapa twakumbuka jambo la kwetu. Mwaka 1947 Serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilileta matrekta Tanganyika kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, jirani na Lindi, kwenda Nachingwea, ili mafuta ya karanga yawafikie watu wao. Mpango ukavunjika mwaka 1951 baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Fedha hizo zilimwagwa kwa ajili ya karanga, sehemu yake katika mkoa huu, na hapana aliyeuliza kama mwenye mimba wa Lindi amekula hata konzi moja.

Jibu la swali ambalo halikuulizwa lilitoka nchi nyingine ya Afrika. Katika vijiji vya Gambia, wajawazito walipewa kila siku biskuti zilizotengenezwa kwa karanga za kukaanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Uzito wa watoto uliongezeka gramu 136 kwa wastani, na kwa wale waliozaliwa katika miezi ya njaa uliongezeka gramu 201. Hapakuwa na mashine wala dawa ya kigeni. Ilikuwa karanga, na mchele, na mtu aliyehakikisha ya kuwa aliyekula ni mwenye mimba na si mwingine.

Nchini kwetu, katika Dar es Salaam, wajawazito 8,468 waliingizwa katika jaribio la vidonge vya vitamini. Katika waliopewa vitamini, waliozaa watoto wa uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8, katika wasiopewa, asilimia 9.4. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2007. Kwa hiyo si wingi wa ugali tu utakiwao. Yatakiwa na mboga, na matunda, na samaki.

Miezi ya njaa twaijua sisi pia. Tangu Januari hadi Machi maghala huwa yamepungua, fedha ya korosho imekwisha kuingia madukani, na palizi iko juu ya magoti. Ni wakati ule ule mwanamke afanyapo kazi nyingi kuliko wakati wowote na kula kidogo kuliko wakati wowote. Na ajabu ni hii, ya kuwa mkoa wa Lindi hauna uhaba wa vyakula vijengavyo mwili. Ufuta wetu hupakiwa melini kwenda ng'ambo, na korosho vilevile. Mbaazi, kunde na choroko zastawi, dagaa na samaki watoka baharini, kisamvu kiko nyuma ya nyumba. Twauza chenye mafuta na nguvu, kisha twamwachia mwenye mimba muhogo mtupu. Hatusemi watu wasiuze, maana ada ya shule hailipwi kwa ufuta. Twasema tu ya kuwa kabla gunia halijashonwa, kibaba cha mwenye mimba na kitolewe kwanza.

Zipo na mila ziwezazo kutazamwa upya. Wako watu wamkatazao mwenye mimba mayai, wakisema mtoto atazaliwa hana nywele. Wako na wale wamshaurio ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa akamtaabisha katika kuzaa. Wazee hao hawana nia mbaya, kwa kuwa wameona wanawake wakifa katika uchungu, nao hutafuta njia ya kuzuia. Lakini njia hiyo yampeleka mama katika uchungu akiwa hana nguvu, na mtoto akiwa hana akiba. Ulinzi wa kuzaa kwa shida ni kuzalia hospitali, si kushinda na njaa. Tena twawaomba wazazi wasiwaoze mabinti ambao miili yao bado yakua, maana msichana mwenye mimba na mtoto aliye tumboni hugombania sahani moja.

Wala mtu asidhani ya kuwa unene ndio afya. Hesabu ya taifa ya 2015 hadi 2016 ilionyesha ya kuwa wanawake 10 katika 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa wembamba mno, na 28 walikuwa wazito kupita kiasi. Mwenye uzito mwingi naye ana hatari zake: shinikizo la damu, kisukari cha mimba, na mtoto mkubwa apitaye kwa shida. Kwake yeye nyongeza ni ndogo zaidi. Mizani yatafuta kadiri, na kadiri haina wivu.

Mbu na mzigo

Malaria ni mwizi wa gramu asiyebisha hodi. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, na mama aweza asisikie homa hata kidogo, huku chakula cha mtoto kikiibwa mlangoni. Mimba ya kwanza ndiyo ishambuliwayo zaidi. Kwa sababu hiyo wajawazito hupewa vidonge vya SP kliniki, kuanzia miezi ya katikati ya mimba, kila dozi mbali na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, na Shirika la Afya Duniani tangu 2012 lashauri dozi zisipungue tatu. Aendaye kliniki mara ya kwanza katika mwezi wa saba amekwisha kuzikosa nyingine. Vidonge vya kuongeza damu navyo si vya kuweka kabatini, na chandarua si cha kuvulia dagaa.

Kisha kuna mzigo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwanamume aliyeketi humwona mkewe na ndoo kichwani na kuni mgongoni, na machoni pake vyote ni usufi. Kama mwili wa mama unatumia chakula chote katika kubeba, mtoto atajengwa kwa nini?

Wafanyakazi wanayo haki ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya uzazi yenye malipo, siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Tena yasema ya kuwa kazi yake ikiwa ni ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, mwajiri ampe kazi nyingine ifaayo kama yawezekana, kwa masharti yasiyo duni. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi katika maghala na viwanda vya korosho na waisome sheria hiyo kwa sauti mbele ya wanawake wale wakaao katika vumbi na moshi.

Kazi iliyo mbele yetu

Chama hiki hakikuanza leo kusema habari za afya. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na mtoto mwepesi huwa na alama za vidole vya wote watatu. Mwaka 1973 tulifanya kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ya Chakula ni Uhai. Watu wakakusanyika kuzunguka redio, wakasikia, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kupanda mboga. Waliofanya hayo hawakuwa na simu mfukoni kama sisi. Walikuwa na shina, na balozi, na nia.

Basi twashauri mambo machache, ambayo hayangoji fedha kutoka mahali popote. La kwanza, sigara na isiwashwe katika mkutano wowote wa tawi au shina. Nchi yetu inayo sheria ya tumbaku tangu mwaka 2003, na itakuwa aibu mtoto wa sheria hiyo akivunjiwa heshima katika nyumba ya Chama. La pili, kila balozi na ajue katika nyumba zake nani ana mimba, si kwa kupeleleza, bali ili asipite na njaa pasipo jirani kujua. Na ndugu zetu wa Umoja wa Wanawake na Jumuiya ya Wazazi waishike kazi hii mikononi. La tatu, mume na aende kliniki pamoja na mkewe angalau mara moja, asimame mbele ya mizani, asikie kwa masikio yake. La nne, msimu wa ufuta na korosho ukifika, kila nyumba yenye mimba iweke akiba yake ya miezi ya njaa kabla ya kupeleka mzigo ghalani.

Na kwa watoto waliokwisha kuzaliwa wepesi, lipo tumaini. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwamo. Watoto wadogo sana waliwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja kwanza wapate nafuu. Vifo katika siku 28 za mwanzo vilikuwa asilimia 12.0, na kwa wale waliongojewa vilikuwa asilimia 15.7. Kifua cha mzazi hakina bei, nacho kimo katika kila nyumba. Hata baba anacho, kama hakinuki tumbaku.

Siku ya kliniki itarudi tena Rasbura. Mama atapanda juu ya mizani, mshale utatikisika kisha utatulia, na namba itaandikwa katika kadi. Ikiwa namba hiyo ni ndogo, asigeuke mtu kumtazama mama yule. Na tutazamane sisi kwa sisi.